Chawajani wa Saa Nane Kasorobo

Jumamosi, saa tano na nusu asubuhi, Inspekta alikuwa amebakiwa na saa nne na nusu tu. Mkuu wake alishamwambia bila kupepesa macho: "Saa kumi, faili mezani kwangu. Mzee wa bustani ashtakiwe au aachiwe. Na mimi sioni sababu ya kumwachia."

Sababu za kumshikilia ndizo zilizokuwa tele. Alhamisi mchana, kati ya saa nane na saa tisa, Profesa, mwanamke aliyekiongoza kituo cha utafiti wa wadudu, alipigwa bomba la chuma kisogoni ndani ya kitalu namba tatu. Hakufa, lakini alilala hospitalini hajitambui, na madaktari walikuwa wakisema "tusubiri" kwa sauti ya watu waliokata tamaa. Aliyemkuta ni mtunza bustani. Damu ilikuwa shatini mwake. Bomba lilitoka kwenye stoo yake. Asubuhi ya siku hiyo hiyo Profesa alikuwa amemkaripia mbele za watu kwa kunyunyiza dawa karibu na miche ya majaribio.

Kesi ilikuwa imepikwa ikaiva, na hilo ndilo lililomkaa Inspekta kooni. Katika miaka yake kumi na tisa ya kazi hakuwahi kukutana na jambo la damu lililojipanga mstari bila mtu wa kulipanga. Kazini walimwita Bi Tena, maana jibu la kwanza halikuwahi kumtosha. "Niambie tena," angesema, na mtu angerudia mpaka uongo wake uchoke kabla yake.

Mzee wa bustani alikuwa ameambiwa "tena" mara saba. Mara zote saba alisema jambo lile lile: umeme ulikatika saa tano, pampu ikaungua, akawa anachota maji kwa ndoo kisimani, aliporudi safari ya sita akamkuta mama wa watu chini, akamwinua.

Mtu mwingine mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuingia vitaluni: Naibu wa Profesa. Lakini yeye alikuwa na ushahidi usiokuwa na kope wala haya. Alikuwa na kanda.

"Hebu tuisikilize," Inspekta alisema.

Walikuwa watatu katika chumba cha kurekodi, mwisho kabisa wa jengo: yeye, Sajenti wake, na Fundi wa mitambo. Chumba hakikuwa na dirisha. Kuta zilipigwa magodoro, paa lilikuwa la bati, na kwa kuwa polisi walikifunga kwa utepe tangu Alhamisi jioni, kiyoyozi hakikuwa kimewashwa. Hewa ilikuwa nzito kama uji. Katikati, juu ya meza yenye miguu iliyotiwa ndani ya ndoo za mchanga, palikuwa na chungu cha mche wa bamia uliofunikwa chandarua.

Fundi alikuwa mzee mwembamba, zamani mtengeneza redio, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Jambo la kwanza alilofanya ni kuutazama mche.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani mmewaua kwa kiu."

"Kina nani?"

"Wenyeji, mama. Chawajani." Akamsogezea kioo cha kukuzia. Kwenye jani palikuwa na kidudu cha kijani, kidogo kuliko punje ya mchele. Inspekta aliposogeza kidole, kilikimbia ubavuubavu kama kaa, kikajificha upande wa pili. "Hunyonya maji ya jani mpaka jani linajikunja kama limeungua. Shamba zima la bamia anakumalizia mdudu huyu, na wewe huna habari."

"Na nimeambiwa anaimba."

"Anaongea. Ila si hewani, ungetegesha sikio mpaka kesho. Dume anatikisa tumbo, mtetemo unapita kwenye shina, jike aliye jani la tatu anausikia kwa miguu. Akimtaka, anajibu. Asipomtaka, kimya. Sisi tunawasikiliza kwa hii." Alionyesha sindano ya santuri kuukuu iliyofungwa kwenye mkono wa waya, ncha yake ikigusa shina. "Nimeitengeneza mwenyewe. Profesa aliniambia wenzetu wanatumia mashine za miali ya mwanga. Nikamwambia, mama, sindano haijui kama ni ya zamani."

Sajenti alicheka. Inspekta alimpa jicho moja, kicheko kikarudi kilikotoka.

Fundi akabonyeza kinasa sauti. Sauti ya Naibu ikatoka, safi, isiyo na haraka: "Alhamisi. Saa nane kasorobo mchana. Chumba cha kurekodi. Mche wa bamia, dume mmoja, jike mmoja." Kisha kimya kidogo, na baada yake mngurumo mdogo wa ajabu, kama mtu anayekwaruza chanuo kwa kucha. Ukakoma. Ukaanza tena. Safari hii ulijibiwa na mlio mzito, mfupi, wa chini.

"Huyo jike," alinong'ona Fundi.

Kanda ilikwenda saa moja na nusu bila kukatwa. Kama Naibu alikuwa hapa akiisimamia kuanzia saa nane kasorobo, hakuwa kwenye kitalu namba tatu.

"Saa ya kinasa inakubali, afande," alisema Sajenti. "Nimeiangalia. Alhamisi, saba na dakika arobaini na tano."

"Saa ya kinasa unaibadilisha kwa kidole," alisema Fundi. "Hata mimi na miwani hii."

Walisikiliza. Dakika ya ishirini na mbili kishindo kikubwa kililipuka kwenye spika, Sajenti akaruka kitini.

"Hapo! Afande, hapo! Ndilo pigo lenyewe! Mtetemo umepita ardhini kutoka kitaluni mpaka hapa!"

Inspekta alimtazama Fundi. Fundi aliunganisha waya wa sindano na spika ya mezani, akakigusa chandarua kwa ncha ya kalamu. Kidudu kimoja kikaruka kutoka shinani. Kishindo kile kile kikatikisa chumba.

"Mwanangu," Fundi alimwambia Sajenti kwa upole, "hilo pigo lako lina miguu sita."

Sajenti akaandika kitu kwenye daftari lake ili apate pa kutazama. Fundi aliiacha spika wazi. Chawajani walitulia, na baada ya dakika kadhaa dume akaanza kuita tena, sasa mwenyewe, hai, kutoka kwenye shina.

Inspekta aliinamisha kichwa. "Hebu iweke ile kanda."

Fundi akaiweka.

"Sasa hawa wa hapa."

Akawarudisha.

"Mbona hawa wana haraka?"

"Ah, ni joto hilo, mama," Fundi alisema huku akifuta miwani. "Wakipata joto wanakwenda mbio, wakipata baridi wanajivuta. Ndiyo maana tunakipoza chumba kwanza, halafu tunakizima kiyoyozi tukirekodi, maana mtetemo wake unahar..."

Aliishia hapo. Kitambaa cha miwani kilibaki hewani.

"Malizia," alisema Inspekta.

"Alhamisi umeme ulikatika saa tano."

"Ukarudi?"

"Saa kumi na moja. Mama, saa nane mimi nilikimbia karakana yangu kwa joto. Iko ukuta wa pili tu, chini ya bati hili hili. Nilikwenda kukaa nyuma, kivulini." Alikuwa tayari ameshachomoa daftari mfuko wa nyuma. Profesa alitaka joto la karakana liandikwe mara tatu kwa siku, umeme uwepo usiwepo. Kidole chake kilishuka kwenye mstari. "Alhamisi, saa nane mchana. Nyuzi thelathini na tano."

"Na hii kanda ni ya nyuzi ngapi?"

Fundi alihesabu mara kumi, akisimamisha kanda kwa kidole gumba na kuandika. Mapigo matano kwa kila sekunde. Kisha akawahesabu wa shinani, chumba kikiwa na nyuzi thelathini na tatu. Manane.

"Yawezekana ni dume mwingine," alisema Inspekta.

"Ni huyu huyu. Aliwekwa Jumatano jioni, na tangu Alhamisi chumba mmekifunga ninyi."

"Tuna mahali pa baridi?"

Wakaubeba mche wote watatu, Sajenti akishika chandarua kama mtu anayebeba mtoto mchanga, mpaka chumba cha kuhifadhia mbegu. Nyuzi ishirini. Wakasubiri nusu saa wakiwa wameficha mikono kwapani. Dume alipofungua kinywa, kama ana kinywa cha kuitia, alijivuta. Fundi akahesabu. Mapigo matano.

"Nyuzi ishirini," alisema Inspekta. "Kwenye chumba kile, bila umeme, nyuzi ishirini hupatikana saa ngapi?"

"Alfajiri," alijibu Fundi. "Jua halijagusa bati."

"Sajenti, nenda getini kachukue daftari la mlinzi. La mwezi mzima." Akamgeukia Fundi. "Na wewe, Fundi, kuna jambo hujaniambia. Shajara ya Profesa inasema alikuita Jumatano. Alikuagiza nini?"

Fundi alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa kazi, na watu wa kazi hawapendi kusema ya ofisini. "Alitaka kanda zote za mashambani za Naibu. Zile za asili. Ndizo ushahidi wa ile mashine ya Naibu ya kutikisa nyaya shambani, ili chawajani wasisikilizane, wasipandane. Wakulima wa bonde zima wameshaahidiwa. Wengine wameacha kunyunyiza wakiisubiri."

"Uko nazo?"

"Ninazo."

"Tunayo saa moja," alisema Inspekta. "Ziweke."

Saa nane na nusu Naibu aliwakaribisha ofisini kwake. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni. Alisimama, akawavutia viti.

"Kuna habari za Profesa?"

"Bado hajazinduka."

Akainamisha macho kwa kipimo cha kutosha. "Yule kwangu ni mama."

"Pole sana, Daktari. Sitakuchelewesha. Nimekuja kujifunza, maana mahakamani wataniuliza habari za wadudu, nami nisije nikawa kichekesho. Sajenti ataandika. Alhamisi mchana ulikuwa wapi?"

"Nimeshatoa maelezo."

"Niambie tena."

Alimwambia. Chumba cha kurekodi, kuanzia kabla ya saa nane hadi saa tisa na robo. Kinasa kinatumia betri, hivyo kukatika kwa umeme hakukumzuia.

"Mle ndani, bila kiyoyozi? Mimi asubuhi hii nusura nizimie."

Naibu alicheka. "Kazi yetu ndiyo hiyo, Inspekta. Jasho lilinimwagika mpaka nikavua shati, nikabaki na fulana. Lile bati ni tanuri."

"Maskini. Na wadudu nao, bila shaka joto liliwachosha, wakawa wanaita polepole."

"Hapana, hapana." Alisogea mbele, mwalimu akaamka ndani yake. "Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mdudu hana joto lake mwenyewe kama mimi na wewe. Chumba kikipata joto, naye hupata joto, misuli inakwenda mbio. Mapigo yanaongezeka."

"Kidogo tu, lakini? Si jambo la kuonekana."

"Yanahesabika kabisa. Nimeandika makala nzima juu yake. Nipe idadi ya mapigo, nami nitakutajia joto la chumba bila kuingia ndani."

"Umeandika, Sajenti?"

"Neno kwa neno, afande."

"Basi tujaribu," alisema Inspekta, akaweka kinasa mezani.

Sauti ya Naibu ilitaja siku na saa. Kisha chawajani akaanza. Naibu alisikiliza akitabasamu, kichwa upande, na kidole chake cha shahada kikaanza chenyewe kugonga meza, tap tap tap, kwa mazoea ya miaka. Kiligonga hivyo kwa sekunde nne, labda tano. Halafu kikasimama.

Dume aliita, jike akajibu.

"Ni mangapi, Daktari?"

Naibu alikivuta kidole chake kutoka mezani.

"Fundi amehesabu mara kumi. Matano. Ni joto gani hilo?"

"Kinasa kinaweza kukosea. Betri ikipungua, mwendo hupungua."

"Sauti yako kwenye kanda hiyo hiyo imekwenda mwendo wake wa kawaida."

"Basi dume alikuwa mchovu."

"Leo saa sita tumemsikiliza. Kwenye joto, manane. Kwenye chumba cha mbegu, matano. Mzima wa afya." Inspekta hakupandisha sauti. "Sajenti."

Sajenti alifungua daftari la mlinzi, akalisukuma mezani. "Alhamisi, kuingia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saini yako. Siku nyingine zote za mwezi huu umeingia saa mbili."

"Kuwahi kazini si kosa."

"Si kosa," Inspekta alikubali. "Leo pia nimesikiliza kanda zako za mashambani, zile Profesa alizoziomba Jumatano. Mashamba matatu, miezi mitatu. Zote zina chawajani anayeruka, na zote anaruka dakika ya kumi na moja na sekunde nane. Mdudu gani huyo, Daktari, mwenye saa ya mkononi? Ulirekodi shamba moja, ukabadilisha maneno ya mwanzo. Profesa aliligundua hilo. Na Alhamisi ukarudia mbinu ile ile, kwa kuwa ndiyo pekee uliyokuwa nayo. Kinasa kina betri, lakini alfajiri hukutarajia kwamba mchana umeme ungekatika na chumba kikose kiyoyozi. Ulisema maneno 'saa nane kasorobo mchana' umevaa sweta."

Naibu alizitoa kalamu zake mfukoni, moja baada ya nyingine, akazilaza sambamba mezani. Kalamu ya pili ikabingirika, ikaanguka. Hakuiokota.

"Nilimwomba siku mbili," alisema. Sauti haikuwa ile ya kwenye kanda. "Siku mbili tu, mpaka nirekebishe takwimu. Nilikwenda kumwomba, Inspekta, wallahi sikwenda kumpiga. Alinipa mgongo. Nikiwa nazungumza, alinipa mgongo, akaendelea kutazama miche yake."

"Nasikia."

"Ilikuwa hasira. Hasira ya dakika moja."

"Mtu anayekwenda saa nane kuomba muda," alisema Inspekta, "hajitayarishii alfajiri ushahidi kwamba hakwenda. Simama, Daktari."

Saa kumi kasoro dakika saba faili lilitua mezani kwa Mkuu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akarudia wa pili, akavua miwani.

"Wadudu?"

"Wadudu, afande."

"Hakimu atacheka."

"Naibu hakucheka."

Mkuu akatia saini.

Kwenye benchi la ukumbini, binti wa mzee wa bustani alikuwa amekaa na chupa ya chai na dawa za shinikizo la damu, kama alivyokaa Ijumaa kutwa. Inspekta alimchukua wakaenda pamoja mahabusu. Mlango ulifunguliwa.

"Mzee, uko huru. Tumempata aliyefanya. Nakuomba radhi."

Mzee hakuinuka. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mikono magotini, miguu peku.

"Baba, twende," alisema binti.

"Ngoja." Alimtazama Inspekta. "Mimi mlinitoa vipi kule kazini?"

Inspekta aliitazama mikono ya mzee.

"Kwa pingu," mzee akasema. "Watu arobaini wamesimama, wananitazama nina damu ya mama wa watu kifuani. Mpishi amelia. Vijana niliowafundisha kushika jembe wamegeuza nyuso. Sasa niondoke hapa kwa mlango wa nyuma, Jumatatu nikasimame getini nijieleze mwenyewe? Nitamwambia nani? Nitaanza na yupi?"

"Unataka nini, mzee wangu?"

"Mnirudishe mliponitoa. Mchana. Watu wakiona."

Kazi za Jumamosi kwenye kituo cha utafiti zilikwisha saa kumi na moja, na siku hiyo hakuna aliyekuwa ameondoka, habari ya Naibu ilikuwa imeshatangulia. Gari la polisi liliingia lango kuu, taratibu, likasimama uwanjani mbele ya vitalu. Sajenti alishuka, akazunguka, akamfungulia mzee mlango. Binti akashuka nyuma yake, amebeba koti.

Inspekta alisimama mbele ya watu. Hakuwa na mazoea ya hotuba. "Huyu mzee hakumgusa Profesa. Alimwinua. Madaktari wanasema angechelewa robo saa, tungekuwa tunazika. Tuliokosea ni sisi."

Watu walitazama chini, wakatazamana. Ndipo Sajenti, ambaye hakuna aliyemtuma, ambaye mikono yake ndiyo iliyofunga zile pingu, alivua kofia, akainama mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

Salamu ile ikaning'inia. Mpishi alishika mdomo. Mzee alimtazama yule kijana kuanzia utosini hadi kwenye viatu vyake vya kung'aa, kisha akamvuka kwa macho, akatazama vitalu. Miche ya upande wa kushoto ilikuwa imelala, majani yamenyauka kama matambara.

"Siku mbili," alisema mzee, "hakuna aliyemwagilia?"

Pampu ilikuwa bado mbovu, na kazi ile ilikuwa yake.

Alikunja suruali, mguu mmoja, kisha wa pili. Alipoinuka, Sajenti alikuwa angali ameinama, kofia mkononi, jasho likimtiririka kidevuni.

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema. "Kisima kiko kule. Chukua ndoo zote mbili."